Namba ya Songwe, kigawo kwa kigawo

Sensa ya Watu na Makazi, iliyohesabu watu kwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, iliupa Mkoa wa Songwe namba yake: 1,344,687. Makarani walipita kaya kwa kaya na vishikwambi vyao, kuanzia nyumba za Tunduma zilizobanana jirani na mpaka wa Zambia hadi vijiji vya Mkwajuni, Itumba na Chitete. Kila mtu waliyemwandika aliongeza moja kwenye hesabu hiyo. Tangu matokeo yatangazwe, namba imekuwa kazini. Inapangiwa bajeti, inapangiwa madarasa na zahanati, inawekwa kwenye mizani pale mkoa unapolinganishwa na mikoa mingine.

Ipo kazi nyingine inayoweza kufanywa juu ya namba hiyohiyo, kazi ya zamani kuliko ofisi zote za takwimu. Mtu anaichukua namba kubwa, anaiandika juu ya ukurasa wa daftari, anaifungua mpaka vipande vyake vya mwisho, kisha anaitafutia ukoo wake miongoni mwa namba. Haihitaji kikokotoo, inahitaji utaratibu. Ninaiheshimu kazi hii kuliko hila nyingine zote za hesabu, kwa sababu sehemu yake kubwa ni kukataliwa. Unagawanya, kunabaki kitu. Unagawanya tena, kunabaki kitu. Fundi mzuri wa namba haoni aibu kwa mabaki hayo wala hayafuti. Anayaandika yote, kwa kuwa "hapana" iliyothibitishwa ina thamani sawa na "ndiyo".

Kabla ya kuifungua namba, fundi huhakikisha kwanza kwamba anayo namba sahihi. Mkoa wa Songwe una halmashauri tano, moja ikibeba jina lilelile la mkoa, na sensa ilizihesabu hivi: Mbozi 510,599, Momba 259,781, Mji wa Tunduma 219,309, Songwe 215,609, Ileje 139,389. Ukizijumlisha kwa safu, jumla inatoka 1,344,687. Sasa inakuja njia fupi ya ukaguzi, ambayo wanahisabati wa ulimwengu wa Kiislamu waliitumia karne nyingi zilizopita: kutupa tisa. Jumlisha tarakimu za namba, na ukipata jumla yenye tarakimu mbili, jumlisha tena mpaka ibaki moja. Mbozi ni 5 na 1 na 0 na 5 na 9 na 9, yaani 29, kisha 11, kisha 2. Momba inatoa 5, Tunduma 6, Songwe 5, Ileje 6. Hizo tano kwa pamoja ni 24, yaani 6. Tarakimu za jumla ya mkoa zinafika 33, yaani 6. Zimekutana.

Ukaguzi huu una upofu wake, na fundi anaujua. Aliyeandika 510,959 mahali pa 510,599 angepita bila kukamatwa, maana tarakimu zikibadilishana nafasi jumla yao haibadiliki. Kwa hiyo anaongeza jicho la pili. Halmashauri zote tano zina namba witiri, na witiri tano zikijumlishwa lazima zizae witiri. Namba ya mkoa inaishia na 7. Inakubalika.

Sasa kazi yenyewe. Namba inayoishia na 7 haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5, hilo halina mjadala. Kwa 3 tunarudi kwenye jumla ya tarakimu: 33 inagawanyika kwa 3, basi na namba yote inagawanyika. Lakini 33 haigawanyiki kwa 9, kwa hiyo tunajua mapema kwamba 3 itaingia mara moja tu. Tunagawanya, tunapata 448,229. Namba imepungua hadi theluthi yake, na tangu hapa tunafanya kazi na hiyo ndogo.

Zinazofuata ni 7, 11 na 13, na kwa hizo tatu kuna njia ninayoipenda sana. Zidisha 7 kwa 11 kwa 13 upate 1,001. Kwa sababu hiyo, namba ya tarakimu sita ikikatwa katikati, tofauti ya vipande vyake viwili inabeba habari zote za namba hizo tatu kwa mpigo. Vipande vyetu ni 448 na 229, na tofauti yake ni 219. Saba ikiingia katika 219 inabakiza 2, kumi na moja inabakiza 10, kumi na tatu inabakiza 11. Hesabu moja fupi ya kutoa imezikataa namba tatu. Inakuja 17, inabakiza 7.

Kisha 19. Hii nitaieleza hatua kwa hatua, kwa kuwa ndipo utamu wa kazi ulipo. Kumi na tisa katika 44 inaingia mara 2, inabaki 6. Shusha 8, inakuwa 68: mara 3, inabaki 11. Shusha 2, inakuwa 112: mara 5, inabaki 17. Shusha 2, inakuwa 172: mara 9, inabaki 1. Shusha 9 ya mwisho, inakuwa 19: mara 1, haibaki kitu. Mpaka hatua ya nne hukuwa na dalili yoyote kwamba itakwisha salama. Ile 1 iliyobaki ilikaa ikisubiri 9 ishuke ili ziwe 19. Jibu ni 23,591.

Tunaijaribu 19 tena juu ya jibu hilo, kwa kuwa kigawo kinaweza kujirudia. Inabakiza 12. Inakuja 23, inabakiza 16. Inakuja 29, inabakiza 14. Inakuja 31, na 31 inaingia mara 761 kamili.

Je, 761 nayo inafunguka? Hapa ndipo kwenda kwa mpangilio kunapolipa. Kigawo chochote cha 761 ni kigawo cha 23,591 pia, na namba tasa zote zilizo chini ya 31 zimekwisha kukataliwa, moja baada ya nyingine, na mabaki yake yako ukurasani. Kama 761 ingekuwa zao la namba mbili, zote mbili zingelazimika kuwa 31 au zaidi. Lakini 31 mara 31 ni 961, imeshapita. Basi 761 ni tasa, na hatukugawanya hata mara moja zaidi ili kulijua hilo. Yale mabaki yaliyoonekana kama kazi iliyopotea ndiyo yaliyothibitisha.

Kwa hiyo namba ya Songwe ni 3 × 19 × 31 × 761. Euclid alikwisha kuweka msingi wa jambo hili zaidi ya miaka 2,200 iliyopita: kila namba nzima kubwa kuliko 1, ama ni tasa, ama ni zao la namba tasa, na zao hilo ni moja tu bila kujali uliipanga vipi. Mtu mwingine akianza na 761 pale Vwawa, makao makuu ya mkoa, na mwingine na 31 pale Tunduma, watakutana na vipande vilevile vinne.

Vipande hivyo vikishapatikana, tabia nyingine zinafuata zenyewe. Kila kimoja kimeingia mara moja, hakuna kilichojirudia, kwa hiyo hakuna namba ya mraba, ukiacha 1, inayoigawanya namba hii bila baki. Katika kutengeneza kigawo, kila kipande ama kinachukuliwa ama kinaachwa. Chaguo mbili mara nne ni 16, basi vigawo ni 16: 1, 3, 19, 31, 57, 93, 589, 761, 1,767, 2,283, 14,459, 23,591, 43,377, 70,773, 448,229 na namba yenyewe. Nicomachus wa Gerasa, aliyeandika yapata mwaka 100 baada ya Kristo, alizipanga namba kwa kujumlisha vigawo vyake bila kuhesabu namba yenyewe. Jumla ikilingana na namba, namba ni kamilifu, kama 6, ambayo ni 1 na 2 na 3. Jumla ikizidi, namba ni zidifu. Isipofika, ni pungufu. Vigawo 15 vya Songwe vinajumlika kuwa 606,033, havifiki hata nusu ya namba. Ni namba pungufu.

Miaka kumi kabla haikuwa hivyo. Katika sensa ya 2012 eneo hili lilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya, maana Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016. Watu wa eneo hilo walikuwa 998,862. Namba hiyo inagawanyika kwa 2 na kwa 3, kwa hiyo kwa 6. Chukua nusu yake, 499,431. Theluthi yake, 332,954. Sudusi yake, 166,477. Jumlisha hizo tatu upate 998,862, namba ileile. Bado hujaongeza hata 1, ambayo ni kigawo cha kila namba. Papo hapo imekuwa zidifu, na hatukuhitaji kuifungua mpaka mwisho. Ndivyo ilivyo kwa kila kigawe cha 6 kinachozidi 6: nusu, theluthi na sudusi daima hukamilisha kizima.

Ipo tabia nyingine ya 1,344,687 ambayo huwezi kuiona kwa macho. Gawanya kwa 8: inabaki 7. Sasa chukua mraba wa namba yoyote nzima na uugawanye kwa 8. Utabakiza 0, 1 au 4, hakuna kingine. Jaribu kuchukua mabaki matatu kati ya hayo ili ufikie 7. Moja na moja na nne ni 6. Moja na nne na nne ni 9, yaani 1. Kila upande unaogeukia, 7 haifikiki. Basi watu wa Songwe hawangeweza kupangwa katika viwanja vitatu vya mraba kamili, hata mpangaji awe hodari kiasi gani. Adrien-Marie Legendre alionyesha mwaka 1798 ni namba zipi hasa zina ukaidi huu. Lakini Joseph-Louis Lagrange alikuwa amethibitisha mwaka 1770 kwamba miraba minne inatosha kwa kila namba. Tafuta mraba mkubwa unaoingia katika namba yetu: 1,159 mara 1,159 ni 1,343,281. Zinabaki 1,406. Toa mraba wa 37, ambao ni 1,369, zibaki 37. Hizo ni 36 na 1. Kwa hiyo 1,344,687 ni mraba wa 1,159, na wa 37, na wa 6, na wa 1. Minne kamili, na kwa mitatu haiwezekani.

Tukishuka kwenye halmashauri, kila moja ina ugumu wake. Tunduma inaachia mapema: 219,309 ni 3 × 41 × 1,783. Ileje nayo ni zao la tasa tatu tofauti, 3 × 97 × 479, lakini baada ya 3 inakataa kila kitu mpaka ifike 97. Mbozi inakataa tangu mwanzo. Haina 2, haina 3, haina 5, inapita tasa zote zilizo chini ya 100 bila kufunguka, na mwishowe inakubali kwa 137, ambayo ni namba tasa ya 33: 510,599 ni 137 × 3,727, zote mbili tasa. Halmashauri ya Songwe ni ngumu zaidi. Inafunguka kwa 251, tasa ya 54, na kutoa 251 × 859.

Na Momba haifunguki.

Kipeuo cha pili cha 259,781 ni 509 na ushee. Namba ikiwa zao la vigawo viwili, kimoja lazima kisizidi kipeuo hicho, kwa hiyo inatosha kujaribu namba tasa zote hadi 509. Ziko 97. Saba inabakiza 4. Kumi na tatu inabakiza 2. Thelathini na moja inabakiza 1, na unajua kwamba laiti mtu mmoja tu wa Momba angekuwa safarini usiku ule, 31 ingeingia kamili. Unaendelea. Mia moja na moja inabakiza 9. Mia na tisini na tatu inabakiza 3. Ukifika 419 inabakiza 1 tena. Ukurasa umejaa, na hakuna sifuri hata moja. Unagawanya kwa 503, inabaki 233. Unagawanya kwa 509, ya mwisho, inabaki 191. Kazi imekwisha, na 259,781 ni namba tasa.

Hakuna ufundi mwingine ninaoujua ambao ushindi wake unakuja kwa sura hii. Hukupata kitu chochote cha kuonyesha isipokuwa mabaki 97. Likikosekana moja, huna ulichothibitisha. Yakiwepo yote, hakuna mtu duniani atakayepata kigawo cha namba hiyo, hata akiwa na mashine kubwa kiasi gani. Uhakika wa aina hii hautokani na cheo cha aliyehesabu. Mwanafunzi wa darasa la saba wa Chitete akiurudia ukurasa huo kwa uaminifu, ana mamlaka sawa na profesa.

Namba tasa ya Momba ina zawadi nyingine ndani yake. Ukiigawanya kwa 4 inabakiza 1. Pierre de Fermat alidai mwaka 1640 kwamba kila namba tasa ya namna hiyo ni jumla ya miraba miwili, na kwa njia moja tu. Leonhard Euler ndiye aliyekuja kutoa uthibitisho, yapata karne moja baadaye. Madai yanasema miraba ipo, hayasemi ni ipi, kwa hiyo lazima uitafute. Mmoja wa miraba hiyo ni wa namba witiri iliyo chini ya 510, na witiri hizo ziko 255. Hatuzijaribu zote, tunazichuja. Momba ikigawanywa kwa 32 inabakiza 5, na hilo linalazimisha namba yetu ya witiri ipakane na kigawe cha 16, iwe moja juu yake au moja chini yake. Ikigawanywa kwa 3 inabakiza 2, kwa hiyo namba zote mbili si vigawe vya 3. Ikigawanywa kwa 5 inabakiza 1, kwa hiyo mojawapo ni kigawe cha 5, na ile ya witiri lazima iishie na 1, 5 au 9. Kutoka 255 zimebaki 25. Hizo unazijaribu moja moja, na inayokubali ni 385. Mraba wake ni 148,225. Ukiutoa kutoka 259,781 zinabaki 111,556, na hiyo ni 334 mara 334. Hakuna jozi nyingine.

Ugumu wa Mbozi nao una maana nje ya daftari. Kuzidisha 137 kwa 3,727 ni kazi ya dakika moja. Kutoka 510,599 kurudi kwenye hizo mbili ilibidi tupite tasa 32 zilizokataa. Kwenda ni rahisi, kurudi ni kugumu. Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman waliigeuza tofauti hiyo kuwa kufuli la siri: unatangaza zao la namba tasa mbili kubwa mno, tasa zenyewe unazificha. Kufuli la namna hiyo bado linatumika kulinda mawasiliano ya mtandaoni, na namba zake kwa kawaida zina tarakimu 617. Ukuta unaomzuia mwizi ni uleule tuliokutana nao Mbozi, ila umerefushwa mpaka mashine nazo zikachoka.

Tunduma kwenyewe watu wanaishi na vigawo kila siku. Malori ya barabara ya TANZAM na mabehewa ya TAZARA yanavuka hapo kuelekea Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na wabadili fedha wanazungusha shilingi na kwacha vidoleni bila kuandika. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye fedha yake, na kwacha 50,000 za zamani zikawa 50. Kuondoa sifuri tatu ni kugawanya kwa 1,000, yaani kwa 2 mara tatu na 5 mara tatu. Sifuri za mwisho wa namba huzaliwa na jozi za 2 na 5, wala hazina chanzo kingine. Iangalie namba ya Tanzania nzima katika sensa ya 2022: 61,741,120. Ukiifungua unapata 2 mara sita, 5 mara moja, kisha 7, 43 na 641. Zile 2 sita zingeweza kuzaa sifuri sita, lakini 5 ni moja tu, basi sifuri ni moja. Ile 641 ina historia yake. Fermat aliamini kwamba 4,294,967,297 ni namba tasa, mpaka mwaka 1732 Euler alipoonyesha kwamba 641 inaigawanya bila baki. Tasa hiyohiyo imo katika hesabu ya Watanzania.

Usitake namba hizi zikuambie lisilo lao. Utasa wa Momba hausemi lolote kuhusu mvua za Momba, na upungufu wa Songwe si upungufu wa watu wake, walioongezeka kwa karibu laki tatu na nusu tangu 2012. Mtoto mmoja akizaliwa, namba ya mkoa inakuwa 1,344,688, ambayo ni 16 mara 84,043, na ile familia ya 3, 19, 31 na 761 imetoweka yote. Tabia hizi ni za namba. Sensa ilituletea namba hii mlangoni, lakini 1,344,687 ilikuwa na vigawo vyake 16 kabla ya kuwapo Tunduma, na itabaki navyo sensa zijazo zikileta nyingine.

Kanda yetu ina shahidi wa kale wa uangalifu wa aina hii. Mwaka 1950 Jean de Heinzelin alichimbua Ishango, mashariki mwa Kongo, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, akapata mfupa mdogo uliochongwa alama kwa makundi. Unakadiriwa kuwa na miaka ipatayo 20,000, na sasa umehifadhiwa Brussels. Safu moja ina alama 11, 13, 17 na 19, ambazo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, na jumla yake ni 60. Safu nyingine ina 9, 19, 21 na 11, nayo jumla yake ni 60. Wataalamu wanabishana kama mchongaji alikuwa akihesabu siku za mwezi, kama alijua namba tasa, au kama alihesabu tu. Mimi inanitosha kuona kwamba kuna mtu aliyekaa kando ya ziwa hilo, akachonga alama moja baada ya nyingine, na kundi kwa kundi akaziacha zikiwa zimetengana ili mwingine aweze kuzisoma.

Kompyuta inaifungua 1,344,687 kabla hujapepesa macho, na hilo ni jambo jema. Lakini inakupa jibu bila ule ukurasa. Anayefanya kwa mkono anajua kwa nini 761 haifunguki, anajua 19 ilikubali katika tarakimu ya mwisho kabisa, anajua Momba ilikoswa na 31 kwa mtu mmoja. Anajua pia kusimama pale uthibitisho unapotimia, asigawanye tena bila sababu. Mwalimu anayetafuta zoezi la namba tasa hana haja ya kubuni namba. Halmashauri yake ina moja, kata yake ina moja, na wanafunzi wake wamo ndani ya hesabu hiyo.

Jirani zetu wa Rukwa walihesabiwa 1,540,519. Inaishia na 9, kwa hiyo 2 na 5 hazimo. Tarakimu zake zinajumlika kuwa 25, kwa hiyo 3 haimo. Toa 519 na 1 kutoka 540, zinabaki 20, na 20 haigawanyiki kwa 7, kwa 11 wala kwa 13. Kipeuo chake cha pili ni 1,241 na ushee, kwa hiyo njia inaweza kuwa ndefu. Anzia 17, na uandike kila baki.